Kabla Mzee Byarugaba Hajatoka Jikoni

Watu wa Nyanga walimzoea Gozbert akiwa amekaa. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa ameyamaliza nyuma ya usukani wa lori, akipeleka kahawa Mwanza na kurudi na saruji na mabati. Alipostaafu, alihamia tu kutoka kiti cha lori kwenda kiti cha barazani. Hapo ndipo alipokunywa chai, hapo ndipo alipopokea wageni, na hapo ndipo tumbo lake lilipoendelea kunenepa taratibu bila mtu kulisemesha.

Magoti yalianza kumlalamikia akiwa bado barabarani. Mwanzoni yalikuwa yanalia tu anaposhuka kwenye lori, kwa sauti ya mlango wa stoo ya zamani. Baadaye yakaanza kuvimba. Mwisho yakawa hayakunjiki, na kama yamekunjika, hayanyooki mpaka ayabembeleze. Kanisani, kengele ilipolia na waumini wote wakapiga magoti, Gozbert alibaki kwenye benchi la mwisho, kichwa ameinamisha, akijifanya yuko ndani ya sala nzito kuliko wenzake.

Mkewe Clotilda ndiye aliyemvuta mpaka hospitali mjini Bukoba. Huko alipokelewa na kijana aitwaye Asif, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Bukoba ambaye babu yake aliwahi kuuza vitambaa katika mtaa uleule. Asif aliyakunja magoti ya Gozbert, akayanyoosha, akayabonyeza pembeni, kisha akatazama picha za eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu," Gozbert akamwambia, "mimi ni dereva. Kitu kilichokwisha nakijua. Bushi ikiisha, imeisha. Wewe niambie tu kama kuna spea."

Asif akacheka. "Spea zipo, baba. Kuna watu wanabadilishwa magoti kabisa. Lakini ya kwako hayajafika huko. Halafu goti si bushi. Bushi, gari likitembea, inalika. Goti lisipotembea, ndiyo linazidi kukauka. Lina ute wake ndani, ndiyo grisi yake. Ute huo hausambai mpaka ulikunje na kulinyoosha. Na misuli ya paja ndiyo inayolibebea mzigo. Paja likilegea, mzigo wote unaliangukia goti peke yake."

Akamweleza la kufanya. Akae kitini, anyooshe mguu mbele, aushikilie hapo kidogo, aushushe polepole. Ainuke kitini bila kujishikilia kwa mikono. Atembee kila siku, kidogo kwanza, kisha aongeze. Asikae mahali pamoja kwa muda mrefu. Apunguze tumbo.

"Kila siku?" Gozbert akauliza, kama mtu aliyehukumiwa.

"Kila siku, kama kupiga mswaki. Na mwanzoni yatauma kidogo. Usiogope."

Gozbert aliogopa. Alifanya siku ya kwanza, akafanya na ya pili, magoti yakauma, akasema kijana wa watu hajui. Akarudi barazani na vidonge vyake vya maumivu, akamwambia Clotilda kwamba uzee ni uzee, hata Mungu anaujua.

Mwaka huo binti yao wa mwisho, Evelyne, alipata mchumba, kijana mpole wa Muleba mjini. Ikakubaliwa kwamba upande wa mume utapokelewa baada ya Krismasi. Hautapokelewa Nyanga, bali nyumbani hasa, Buganguzi, kwa babu wa binti, Mzee Byarugaba. Mzee alikuwa amekwisha kuvuka themanini na mitano. Alipopigiwa simu kupewa habari, alifurahi mpaka akakohoa, kisha akatoa tamko lililomnyima Gozbert usingizi.

"Lubisi ya mjukuu wangu nitaikamua mwenyewe. Kwa miguu yangu."

Lubisi ni pombe ya ndizi, na kuikamua si kazi ya mchezo. Ndizi mbivu za embile, aina ya kutengenezea pombe, humenywa na kujazwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, zikachanganywa na majani makavu. Mwanamume huingia humo na kuzikanyaga hadi zimwachie maji yake, akiinua goti na kulishusha, akiinua na kulishusha, tangu jua linapopanda mpaka kivuli kinapogeuka. Vijana hutoka humo wakitetemeka mapaja.

"Atafia mle ndani," Gozbert akamwambia Clotilda. "Tutakuwa na msiba badala ya harusi."

Basi akafunga safari mapema, mwezi wa tisa, kwa kisingizio cha kwenda kuezeka upya chumba cha wageni. Kilichokuwa moyoni ni kumzuia baba yake.

Alishuka Muleba, akapanda bodaboda mpaka Buganguzi. Njia ya mwisho ilipita katikati ya migomba, kivuli juu, majani makavu chini, harufu ya udongo uliolowa. Pikipiki iliposimama uani, ilibidi dereva ashuke kwanza, amshike Gozbert kwapani na kumvusha mguu mmoja juu ya kiti kama anavyoshushwa mgonjwa.

Mzee Byarugaba alikuwa kwenye kibanja, amechuchumaa chini ya mibuni, anang'oa magugu. Alichuchumaa hasa, visigino vimegusa ardhi, makalio yanakaribia kugusa visigino. Aliposikia pikipiki, alisimama. Hakushika mti, hakushika goti, wala hakuguna. Alipanda juu tu, kama moshi unavyopanda asubuhi isiyo na upepo.

Gozbert akabaki amesimama pale, begi mkononi. Kwa nini hakuwahi kuliona hili? Kila mwaka alikuja, akakaa kitini, akala, akaondoka. Mtu huyu aliyemzaa, ambaye kwa hesabu yoyote ya binadamu alipaswa kuwa kitandani, alikuwa anamjia kwa hatua fupi za haraka, mwembamba, mkavu, amefunga panga kiunoni.

"Shikamoo, taata."

"Marahaba, mwana wange. Mbona unashushwa kama gunia?"

"Magoti, waitu," akajibu kwa heshima.

Mzee akayatazama magoti ya mwanawe, moja baada ya jingine, akaguna tu, akampokea begi. Ndiyo, mzee ndiye aliyembebea mwanawe begi. Gozbert alimfuata nyuma akichechemea, moyoni ana mchanganyiko wa fahari na kijicho. Mungu amempendelea, aliwaza. Amempa mifupa ya chuma, halafu alipofika kwangu chuma kikawa kimekwisha.

Jioni, wakila matoke na dagaa, alijaribu kuliingiza lile lililomleta.

"Taata, kazi ya kukamua tuwaachie vijana. Nitawalipa mwenyewe."

"Vijana gani?"

Gozbert akafikiri. Wa kwa Projestus, kaka yake, wote walikuwa Dar es Salaam. Wa jirani yao Rweyemamu, mmoja yuko Geita machimboni, mwingine anaendesha bodaboda usiku na mchana.

"Watapatikana."

"Na wewe utakuwa upande gani wa mtumbwi?"

"Mimi? Taata, haya magoti yamekwisha kufa."

Mzee akaisogeza sahani pembeni. Aliacha chakula kabla hajashiba, kama alivyozoea, akanawa, akaaga, akaenda kulala kwenye kile chumba kidogo kinachoungana na jiko la nje. Alikuwa amekataa kuhamia nyumba kubwa tangu mkewe Agnetha alipofariki. Watu walidhani ni huzuni, au ukaidi wa wazee.

Alfajiri Gozbert aliamshwa na magoti yake mwenyewe. Akajikongoja kwenda chooni, akishika ukuta. Wakati wa kurudi aliona mwanga wa moto ukipenya kwenye mlango wa jiko ulioachwa wazi kidogo, akasikia mtu akiguna. Si sauti ya kukohoa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeinua kitu kizito. Akasogea, akachungulia.

Mara ya kwanza hakumtambua aliyekuwa amekaa mle. Kwenye kigoda karibu na mafiga alikaa kizee aliyejikunja, mgongo umepinda, shingo imezama mabegani. Mikono yake miwili ilikuwa imejifunga kama makucha ya kuku. Alikuwa ameitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotoa mvuke hafifu, na uso wake ulikuwa umekazana kwa maumivu hadi meno machache aliyobakiza yakaonekana yote.

Alikuwa baba yake. Alikuwa mtu yuleyule aliyepanda juu kama moshi jana mchana.

Gozbert akataka kuingia amshike. Kitu kikamzuia. Mzee alitoa mkono mmoja majini, akaushika kwa ule mwingine, akaanza kukifungua kidole gumba, polepole sana, kama mtu anayefungua fundo la kamba iliyolowa. Midomo ilikuwa inatembea.

"Agnetha," mzee alinong'ona. Kidole kikanyooka. "Pumzika kwa amani, mama."

Akashika cha pili. "Projestus. Ee Mungu, umlinde huko aliko." Kikanyooka. "Avit, uliyetangulia." Kikagoma, akakirudisha majini, akakikanda, akakijaribu tena. "Avit, mwanangu, twende." Kikafunguka.

Alikuwa anawataja mkewe na watoto wake. Kila kidole kilikuwa na mwenyewe. Walio hai aliwaombea ulinzi, waliokufa aliwaombea mwanga, na kila jina lilipotamkwa, kidole kilichokuwa kimekufa kilifufuka na kunyooka mbele ya moto. Gozbert alishikilia mwimo wa mlango. Alisahau magoti. Alisahau baridi. Mara ya mwisho kuhisi hivyo alikuwa mtoto mdogo, Padri alipoinua hostia juu na yeye akaamini kwa moyo wote kwamba kuna kitu kinatokea pale.

Mkono wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Penina, dada yao aliyeolewa Karagwe, alifunguka kwa taabu. Mwisho kikabaki kidole kidogo cha kushoto, kilichopinda kama ndoano. Mzee alikikanda muda mrefu, akakichovya, akakikanda tena, jasho likamtoka.

"Gozbert," akasema. "Gozbert. Gozbert wewe."

Nje ya mlango, Gozbert alibana pumzi.

Kidole hakikunyooka chote. Kilifika nusu. Mzee akakibusu, akasema, "Basi, na leo tumefika hapa," akaiacha mikono na kuigeukia miguu. Akazungusha vifundo, ndani na nje. Akanyoosha mguu mbele akiwa amekaa kwenye kigoda, akaushikilia hewani mpaka ukatetemeka, akaushusha kwa utaratibu. Akafanya na wa pili. Kisha akaushika mhimili wa jiko kwa mikono miwili, akainuka akiguna, akashuka karibu na kigoda bila kukigusa, akainuka tena. Kila alipoinuka alikuwa mrefu kidogo kuliko mwanzo. Mgongo ulinyooka. Shingo ikatoka mabegani. Gozbert aliona kwa macho yake yule kizee akiondoka na baba yake akirudi, kiungo kwa kiungo. Kufikia wakati majogoo wa Rweyemamu walipotulia na mwanga wa kweli kuingia kwenye migomba, mzee alikuwa amechuchumaa sakafuni, visigino vimegusa udongo, mikono amekunjua mbele, anapumua.

"Ingia," akasema bila kugeuka. "Unaingiza baridi."

Gozbert akaingia. Akakaa kwenye gogo.

"Taata, nilidhani huumwi."

"Nani alikuambia siumwi?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona jana. Nikasema, huyu kabarikiwa."

Mzee akacheka kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi naamka mbao. Tangu mama yako akiwa hai. Yeye ndiye alikuwa ananipashia maji. Mwanzoni nilikuwa nalala tu, nasema nitaamka mwili ukilegea. Haukulegea. Siku niliyolala mpaka mchana ndiyo siku niliyoumia kuliko zote. Nikaona kumbe kitanda ndicho adui."

"Nani alikufundisha haya?"

"Ya mguu alinifundisha nesi, nilipoanguka kutoka kwenye mti nikavunjika. Ya vidole nilijitafutia. Majina niliongeza mwenyewe, maana bila jina nilikuwa nakata tamaa njiani. Ukishamwita mtoto wako, huwezi kumwacha nusu."

Gozbert akainamisha kichwa. "Nimesikia la kwangu."

"Wewe ndiye mgumu kuliko wote," mzee akasema, na macho yake yakacheka. "Tangu kuzaliwa."

"Kwa nini hukutuambia? Tungekuletea dawa."

"Dawa ninazo, nakunywa nikizidiwa. Lakini maumivu ukiyatoa uani kila siku, yanazoea, yanaomba kiti. Mimi yangu huwa nayamaliza humu jikoni. Yakibaki, nayabeba shambani, yanachoka yenyewe."

Moto ulikuwa unafifia. Gozbert akaitazama mikono ile, ambayo saa hiyo ilikuwa inaokota ukuni na kuusogeza mafigani kana kwamba haikuwahi kujifunga. Akayakumbuka maneno ya Asif, aliyoyabeza. Kunyoosha mguu, kuushikilia, kuushusha. Kuinuka bila mikono. Kila siku. Ni yaleyale. Asif alikuwa amempa kwenye kiti cha hospitali kile ambacho baba yake alikuwa akikifanya gizani miaka yote, na yeye alikitupa kwa sababu kiliuma siku ya pili.

"Nisogezee kigoda, taata," akasema.

Chumba cha wageni kiliezekwa kwa wiki moja, lakini Gozbert hakurudi Nyanga. Alimpigia Clotilda simu, akamwambia anabaki.

"Kuna nini huko?" Clotilda akauliza.

"Kuna baba," akajibu.

Kila alfajiri alijikongoja mpaka jikoni. Walikaa pande mbili za moto, hawazungumzi sana. Mzee alifungua vidole, Gozbert alinyoosha miguu. Mwanzoni ilikuwa aibu: mtoto alichoka kabla ya baba. Alipojaribu kuinuka kwenye gogo bila kushika kitu, alirudi chini kwa kishindo, na mzee akasema tu, "Karibu tena." Baada ya hapo walitembea. Walipita mpaka wa kibanja, wakafika kisimani, wakarudi. Njia hiyo ilipozoeleka, wakaongeza mpaka kanisani. Mchana Gozbert hakuruhusiwa kukaa kitako muda mrefu. Akikaa sana mzee alimtuma kitu, hata kama kitu chenyewe hakikuhitajika. Usiku walikula matoke, maharage na samaki, na mzee aliisogeza sahani mbali mapema. Gozbert akaona aibu kuongeza wakati baba yake ameacha.

Si kwamba ilikwenda sawa siku zote. Mwezi wa kumi, alipoanza kujisikia, alibeba mkungu mzima wa ndizi kutoka bondeni ili awaonyeshe watu. Usiku ule goti la kulia likavimba likawa kama boga. Alilala akijilaani, na asubuhi akampigia Asif simu kwa unyenyekevu.

"Baba," Asif akasema, "ulikaa miaka mingi, halafu ukataka kubeba mkungu kwa wiki chache? Pumzisha siku moja mbili, kanda maji ya baridi, kisha urudi kwenye kiti. Punguza, usiache. Ukiacha ndiyo nitakulaumu."

Alirudi kwenye kigoda akichechemea. Mzee alisogea tu akampa nafasi iliyo karibu zaidi na moto.

Senene wakaja wakapita. Mvua zikanyesha. Siku moja ya Novemba, wakitoka misa, Gozbert aligundua kwamba wamefika nyumbani na hakuwa amefikiria magoti njia nzima. Alisimama katikati ya migomba, akageuka kutazama kilima walichopanda. Moyo ukamjaa. Mwili huu aliouita gari bovu, uliotaka spea, ulikuwa unajitengeneza wenyewe kimyakimya, kama kidonda kinavyofunga, kama mgomba uliokatwa unavyotoa mwingine pembeni. Haukuwa umemsubiri fundi. Ulikuwa unamsubiri yeye.

Siku ya kukamua, ndizi zilitolewa kwenye shimo la kuivishia zikiwa mbivu na njano, zinanukia mpaka barabarani. Clotilda na Evelyne walikuwa wamekuja, na wanawake wa jirani walimenya tangu asubuhi wakicheka. Rweyemamu alileta majani makavu na kusafisha mtumbwi. Gozbert hakuthubutu tena kutaja vijana wa kulipwa.

Mzee Byarugaba alioshwa miguu na mjukuu wake. Evelyne aliisugua kwa jiwe, kati ya vidole, mpaka kwenye nyayo zenye mipasuko, naye mzee alikaa ametulia kama mtu anayevishwa joho. Kisha akashika mti uliofungwa juu ya mtumbwi, akainua mguu, akaingia.

Vicheko vikakoma. Watu wote pale uani walimjua mzee huyu, lakini walikuwa wamekwisha kumzoea, na kuzoea kunafumba macho. Sasa walimwona. Goti likapanda, likashuka. Jingine likapanda. Ndizi zikaanza kulalamika chini yake, majani yakaingia katikati, povu likapanda, na baada ya muda maji ya kwanza yakatokeza pembezoni mwa mtumbwi, yamekolea rangi ya asali. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakikatiza katikati, kama aliyejisahau kanisani.

Gozbert akavua viatu. Clotilda akamshika mkono.

"Gozbert, magoti yako."

"Ninayo," akamwambia.

Aliosha miguu, akashika mti, akavuka ukingo wa mtumbwi. Ndizi zilikuwa za baridi na laini, zilimeza vifundo vyake. Akainua goti la kulia, lile la boga. Likakubali. Akalishusha. Akainua la kushoto. Alitazamana na baba yake, pua kwa pua karibu, wakishika mti mmoja, na mzee akabadilisha mwendo kidogo ili mwanawe aukamate. Wakakanyaga. Maumivu yalikuwepo, asidanganye mtu. Lakini yalikaa nyuma kama abiria, usukani hayakuushika. Mapaja yaliwaka moto, jasho likamwingia machoni, na kila aliponyanyua uso alimwona mbele yake mtu aliyeamka mbao alfajiri ile, akitembea mahali pamoja kama anayekwenda mbali.

Gozbert ndiye aliyetoka wa kwanza. Watu walimpigia makofi, na Rweyemamu akachukua nafasi yake. Mzee aliendelea mpaka kivuli cha mti kilipogeuka. Hapo akasimama, akapumua, akamtazama mwanawe.

"Nipe mkono," akasema.

Hakuwahi kusema hivyo maishani mwake. Gozbert akamshika kwapani, akamtoa. Alishangaa alivyokuwa mwepesi, mwepesi kuliko mkungu ule wa bondeni. Nguvu zote zile zilikuwa zimekaa wapi? Wakamlaza kwenye mkeka uani, miguu ina njano mpaka magotini, na usingizi ukamchukua papo hapo.

Wengine walirudi kazini, kuchuja na kukaanga mtama wa kuchachushia. Gozbert alibaki amekaa chini kando ya mkeka. Mzee alilala mno. Kifua kilipanda kidogo sana. Gozbert akaogopa, akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wa baba yake.

"Bado," mzee akasema, macho yamefumba.

"Taata!"

"Bado nipo. Niletee chakula. Na usikae hapo kunilinda kama maiti, nenda uwasaidie kuchuja."

Gozbert akafuta macho kwa mkono unaonukia ndizi, akaenda kumwambia Evelyne apakue chakula cha babu, kisha akashika kitambaa cha kuchujia upande wa pili wa Rweyemamu. Wageni walipofika siku ya sherehe, lubisi ilikuwa imeiva, kali na tamu, na baba wa bwana harusi, mzee mwenye fimbo, aliuliza ni vijana gani walioikamua. Watu wakatazamana, wakacheka, na hakuna aliyejua aanzie wapi kumwambia.